Hila na Uchakachuaji: Maana ya "Chicanery" Penye Mizani ya Pamba

Neno la Kiingereza "chicanery" limetokana na Kifaransa, ambako kitenzi "chicaner" kilitumika kwa mawakili waliokokota kesi kwa ubishi wa vifungu na taratibu. Liliingia katika Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 17, likiwa na maana ya ujanja wa kumshinda mtu kwa kanuni zilezile zilizowekwa zimlinde. Kulifasiri kwa "udanganyifu" ni kulipunguzia uzito, kwa sababu mdanganyifu huweza kusema uongo mtupu, ilhali mjanja huyu hubaki ndani ya utaratibu na kuupinda akiwa humo humo.

Neno linalolikaribia zaidi ni hila, ambalo asili yake ni Kiarabu. Katika fikihi, wingi wake, hiyal, ni istilahi ya njia za kutimiza sura ya sheria huku lengo lake likikwepwa, na miongoni mwa wanaohusishwa na vitabu vya elimu hiyo ni al-Khassaf, mwanazuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka 874.

Umuhimu wa kutenganisha hila na udanganyifu wa kawaida huonekana katika biashara ya pamba ya ukanda wa Malampaka, mji mdogo wa wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, uliopo kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza. Mkulima anayeimwagia pamba maji au kuitia mchanga ili izidi uzito amechakachua, na mnunuzi anayeichezea mizani amepunja. Lakini mnunuzi anayeiita pamba safi kuwa ni fifi, yaani ya daraja la chini, ili ailipie bei ndogo, ametumia hila katika maana yake kamili, kwa kuwa madaraja ni halali, stakabadhi ni halali, na mkulima hurudi nyumbani na karatasi isiyoonyesha kosa lolote. Dhuluma ya namna hii ndiyo nzito kuliko zote, maana aliyedhulumiwa hana pa kuanzia kulalamika. Wakulima wa Usukuma hawakunyamaza mbele ya dhuluma za wanunuzi: manung'uniko yao yaliuchochea ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, ambao mwaka 1955 ulizaa shirikisho la vyama vya ushirika vya kanda ya Ziwa Victoria.

Kasoro ya neno hila ni kwamba ngano za Sungura zimewazoesha wasikilizaji kuusifu ujanja wa mnyonge, ilhali "chicanery" mara nyingi ni ujanja wa mwenye nafasi dhidi ya asiye nayo. Kwa hiyo katika maandishi ya sheria na biashara inafaa kuandikwa "hila za kisheria" au "hila za kitaratibu", na "uchakachuaji" uachiwe bidhaa zilizoharibiwa.