Kupumzika Shamba

Mwambie mtu wa Mlowo kwamba likizo yako unakwenda kuimalizia shamba, kupumzika, naye atakuuliza kama unaumwa. Kwetu shamba ni jembe, ni umande wa alfajiri, ni mgongo. Tukitaka kupumzika tunatoka shamba: tunakwenda Mbeya mjini, Dar es Salaam, Zanzibar ikiwezekana. Neno "mshamba" tumeligeuza tusi, na mtoto hulijua kabla hajajua kusoma.

Hata hivyo wapo vijana wenzetu, waliopata ajira nzuri au ufadhili wa masomo, wanaopanga safari za namna nyingine. Wanakwenda Italia au Ufaransa, wanayaacha majiji, wanalala wiki nzima katika nyumba ya mkulima kilimani, wanakula alichovuna na kunywa mvinyo uliokamuliwa hatua chache kutoka kitandani. Ni safari nzuri, sina neno baya juu yake. Ila anayeipanga akitokea Mlowo ana swali ambalo mtalii wa London hana: lini shamba liligeuka mahali ambapo mtu hulipa ili apumzike? Na kwa nini liwe la kwao, lisiwe letu?

Jibu la haraka ni kwamba wao wana mandhari na wana mvinyo. Historia yao wenyewe inasema vingine.

Chukua Langhe, vilima vya Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, nyumbani kwa mvinyo wa Barolo. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza mashamba ya mizabibu ya Langhe, Roero na Monferrato katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini mwaka 1954 Beppe Fenoglio, mwandishi mzaliwa wa Alba, mji mkuu wa vilima hivyo, alichapisha riwaya fupi iitwayo La malora. Mhusika wake ni kijana wa Langhe ambaye familia yake, kwa umaskini, inampeleka kutumika kwa mkulima mwingine. Mwaka 1977 Nuto Revelli akatoa Il mondo dei vinti, yaani ulimwengu wa walioshindwa, kitabu cha masimulizi ya wakulima wa jimbo la Cuneo, ambamo ndimo ilimo sehemu kubwa ya Langhe. Alizunguka na kinasa sauti, akakaa na wazee majikoni mwao. Wanasimulia njaa, vita, watoto waliokodishwa kwenda kuchunga mifugo ya watu, na vijiji vilivyobaki na wazee kwa sababu vijana wamekimbilia viwanda vya Torino.

Msomaji wa Mbozi hahitaji kufafanuliwa hayo. Anayajua majina ya waliokwenda Tunduma au Dar es Salaam wasirudi. Basi vilima vilikuwapo, mizabibu ilikuwapo, na njaa ilikuwapo pia. Mandhari ni yale yale yanayopigwa picha leo. Kilichobadilika ni mambo ambayo binadamu waliyaamua.

La kwanza ni ajira. Kiwanda cha chokoleti cha Ferrero, kilichoanzishwa Alba mwaka 1946, kilikuwa kikipeleka mabasi vijijini kuwachukua wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni. Mtu aliweza kupata mshahara bila kuihama nyumba yake wala kuukata mzabibu wake. Vijiji vya jirani zao wa milimani, wasio na basi wala kiwanda, viliendelea kuhamwa.

La pili ni muda. Mgeni hawezi kuja shamba kupumzika kama hana siku za kupumzika. Ufaransa ilipitisha likizo ya wiki mbili yenye malipo kwa wafanyakazi mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa. Kabla ya hapo, kwenda mashambani kula na kunywa taratibu kulikuwa mambo ya matajiri.

La tatu ni sheria. Tarehe 5 Desemba 1985 Italia ilipitisha sheria namba 730 kuhusu agriturismo, yaani utalii wa nyumbani kwa mkulima. Iliruhusu mkulima kulaza wageni na kuwalisha, ila kwa masharti: kilimo kibaki kazi yake kuu, na sehemu ya maana ya chakula na kinywaji kinachowekwa mezani itoke shambani kwake mwenyewe. Sharti hilo la mwisho ndilo kiini. Serikali ilimwambia mkulima kwamba atakaribisha wageni kwa kile anachokula yeye.

La nne ni msiba. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1986, wafanyabiashara wachache walitia methanoli katika mvinyo wa bei rahisi ili kuongeza ukali wake. Zaidi ya watu 20 walikufa, wengine wakapofuka, na sehemu ya nyayo za uhalifu huo ilifika Narzole, humo humo jimbo la Cuneo. Soko la nje likaporomoka. Wakulima waliosalimika walijifunza kwamba kuuza kingi kwa bei ya chini kunaweza kuua jina la nchi nzima, wakaanza kuuza kichache wanachoweza kukitetea. Mwaka huo huo Carlo Petrini wa mji wa Bra na wenzake walianzisha chama cha Arcigola, ambacho mwaka 1989 kilizaa harakati ya kimataifa ya Slow Food.

Sasa tuje nyumbani. Mlowo imekaa kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Tunduma, pale inapochepuka njia ya Kamsamba. Malori ya Zambia na Kongo hupita usiku na mchana. Mahindi na maharage ya vijijini hushushwa, hupimwa, hupakiwa tena. Ni mji wa kupitisha vitu. Na kitu kikubwa kuliko vyote tulichokipitisha bila kukionja ni kahawa.

Wamoravian, wakiongozwa na Traugott Bachmann, walifungua kituo chao Mbozi miongoni mwa Wanyiha mwaka 1899. Kahawa ilikuja na wageni wa namna hiyo, wamisionari na walowezi, kisha wakulima wadogo wakaishika na kuifanya yao. Imejenga nyumba za bati, imelipa ada, imetoa mahari. Lakini kwa miongo mingi njia yake ilikuwa moja: inachumwa, inamenywa, inaoshwa, inaanikwa, inapakiwa, inakwenda kupigwa mnada Moshi, upande wa pili wa nchi. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka tena. Mkulima wa Mbozi alisikia habari za kuanguka huko kama mtu anayesikia habari za msiba wa mbali, hadi siku ya malipo. Ingia leo katika nyumba nyingi zinazolima kahawa hapa, utakaribishwa chai.

Kinywaji cha nyumbani kilikuwa pombe ya ulezi. Katika mikoa ya Mbeya na Songwe wapo wanaoinywa bado kwa mirija, maji ya moto yakiongezwa chunguni kadiri mazungumzo yanavyoendelea. Ilifanya kazi ambazo mvinyo ulifanya Langhe: jirani aliyekuja kukulimia ulimshukuru kwa pombe, wakwe walipokelewa kwa pombe, ugomvi ulimalizwa kwa pombe. Ila historia yake ya kisheria ni tofauti. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliyataka mataifa yaliyotawala Afrika yadhibiti pombe kali, na kwa sehemu kubwa ya utawala wa Waingereza Tanganyika, Mwafrika alizuiwa kununua vileo vya Kizungu. Vizuizi vilianza kulegezwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Pombe ya kienyeji nayo ikawekewa vibali. Makanisa yakaitazama kwa jicho kali. Tukapata uhuru, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 ikaendelea kuizungumzia pombe kwa lugha ya leseni na saa za kuuzia.

Simaanishi kwamba pombe haina madhara. Kila mtaa una nyumba iliyoharibiwa nayo. Namaanisha kwamba Italia ilitunga sheria iliyomwambia mkulima aweke kinywaji chake mezani kwa mgeni, na sisi tulirithi sheria ambayo kinywaji cha mkulima kilikuwa suala la polisi. Watoto waliokulia chini ya sheria hizo mbili hawawezi kuyatazama mashamba ya wazazi wao kwa jicho moja.

Wala tusiseme Tanzania haina mvinyo. Mizabibu ya Dodoma, ambayo ustawi wake una mkono wa wamisionari wa Kiitalia wa Bihawana, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Barolo hawezi hata kuliota. Wala tusiseme hatujui kupumzika shamba. Kila Desemba Wachagga hufunga maduka Dar es Salaam na kupanda Kilimanjaro kwa mtori, mbege na nyama ya kuchoma, na sisi wengine tunawatania kwamba wamekwenda kuhesabiwa. Ile ni likizo ya shamba, chakula na kinywaji, kamili. Tofauti ni kwamba hakuna anayemlipa bibi aliyepika.

Kwa hiyo, wewe unayepanga safari, panga. Chagua jimbo moja, usikimbie matano. Fahamu kwamba zabibu za Nebbiolo, zinazotengeneza Barolo, kwa kawaida huvunwa kuelekea Oktoba. Ni wakati wa kupendeza kuona kazi, lakini mwenyeji wako hatakuwa na muda wa kukaa nawe. Ukitaka mazungumzo, nenda kabla au baada. Tafuta nyumba ambayo kilimo bado ni kazi yake, na umuulize mwenyeji kipi mezani kimetoka kwake na kipi kimenunuliwa. Muulize pia babu yake alikula nini. Wewe una haki ya kuliuliza swali hilo kuliko wageni wengi, kwa kuwa jibu lake utalielewa.

Kisha angalia hesabu ya nyumba ile kwa jicho la mtoto wa mkulima. Nani anamiliki mashine ya kukamulia? Nani anapanga bei ya chupa? Fedha ya chumba inaingia mfuko wa nani? Hayo ndiyo maswali ambayo Mbozi haijayajibu kuhusu kahawa yake. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wa benki katika miji ya Mbeya na Dar es Salaam wanazo siku hizo, na wengi wao ni watoto wa mashamba.

Kimondo kiko Ndolezi, chuma cha tani nyingi kutoka angani, na wageni hufika kukiona. Wanapiga picha, wanakigonga kwa mkono, wanapanda gari, na kabla ya mchana wamesharudi barabara kuu. Pembeni ya njia waliyopita kuna kahawa inayoanikwa juu ya vichanja. Kuikaanga kikaangioni, kuitwanga kinuni na kuichemsha ni kazi isiyozidi saa moja. Mgeni angekaa saa hiyo kama kungekuwa na benchi, kikombe na mtu wa kumwambia kahawa hiyo imetoka mti upi. Angelipa, pia.