Ndege ya umeme itatua wapi? Historia ya viwanja na vituo vya angani kandokando ya ziwa Tanganyika

BARAKA, FIZI. Mwanzoni mwa Septemba 2025, mjini Kigali, watu waliona chombo kidogo cha umeme kikipaa wima bila rubani ndani yake. Ni EH216-S, kilichotengenezwa na kampuni ya Kichina EHang. Kina viti viwili na mapanga 16 yanayozunguka, na kinaweza kwenda kilomita 30 hivi kabla ya betri kuhitaji kuchajiwa. Wengine wanakiita teksi ya angani.

Kwa mkaaji wa Fizi ambaye anangoja siku mbili au tatu barabara ikauke ndipo mgonjwa apelekwe Uvira, habari kama hiyo inaamsha tamaa. Lakini chombo chochote kinachoruka kinaanzia ardhini. Kinahitaji mahali pa kutua, nguvu ya kukiendesha, mafundi wa kukitunza na mtu wa kusema nani apande. Ziwa Tanganyika limeona ndege kwa zaidi ya miaka 100 sasa, na mara nyingi hayo yote yalipangwa na watu wa mbali kwa faida yao.

Mtoa, 1916: ndege za kwanza

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wajerumani walikuwa na nguvu kwenye ziwa. Meli yao Graf von Götzen ilikuwa imeunganishwa Kigoma, na ilibeba askari na mizinga. Wabeljiji, waliokuwa ng'ambo hii, waliwaomba Waingereza ndege. Walipewa nne aina ya Short, zile zinazopaa na kutua juu ya maji.

Ndege hizo hazikuja kwa kuruka. Zilifika Matadi kwa meli zikiwa vipande ndani ya masanduku, zikapanda gari la moshi, zikapakiwa kwenye boti za mto Kongo, kisha zikarudi kwenye reli hadi Kalemie. Reli ya Kabalo hadi Kalemie ilikuwa imekamilika mwaka 1915 tu. Bila reli hiyo, na bila mabega ya wapagazi Wakongomani, zisingefika.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali pa kutua. Mvuvi yeyote wa Baraka anajua mawimbi ya Tanganyika upepo unapogeuka. Kwa hiyo kituo kiliwekwa karibu na Mtoa, kaskazini ya Kalemie, kwenye maji yaliyotulia ya Tungwe. Hapo palijengwa mabanda, pakawekwa mafuta, mabomu na karakana. Mwezi Juni 1916 ndege zilivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakiona adui anakaribia, waliizamisha meli yao wenyewe. Baadaye iliinuliwa, na tangu 1927 inaitwa Liemba, jina ambalo wazee wengi wa mwambao wanalijua vizuri.

Vita vilipoondoka upande huu, kazi ya kituo cha Mtoa iliisha. Kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya meli moja ya adui.

Njia za biashara zilipita mbali

Mwaka 1920 Wabeljiji walianzisha njia ya ndege za maji iliyoitwa kwa jina la mfalme wao Albert. Ilifuata mto Kongo kati ya Kinshasa na Kisangani, miji iliyoitwa wakati huo Léopoldville na Stanleyville. Mto ulikuwa uwanja wa bure, lakini vituo vya mafuta na matengenezo havikuwa vya bure. Mwaka 1922 njia hiyo ilifungwa.

Mwaka 1923 kampuni ya Sabena ikazaliwa. Mwaka 1925 rubani Edmond Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari na kufika Léopoldville tarehe 3 Aprili, siku 51 njiani. Njia zilizofuata ndani ya koloni zilielekea kwenye ofisi za serikali na migodi ya Katanga. Kalemie ilipata uwanja kwa sababu ilikuwa na bandari na reli. Milima ya Fizi na mwambao wa Baraka vilibaki na mitumbwi na barabara ya udongo.

1965: umeme na ndege vilipokutana

Mwezi Aprili 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, katika ardhi ya Fizi, kusaidia waasi waliopigana na serikali ya Kinshasa. Shambulio kubwa la kwanza la kundi lake, tarehe 29 Juni 1965, lilielekezwa Bendera, mahali palipoitwa Front de Force. Huko kulikuwa na kambi ya askari na kituo cha umeme wa maji cha mto Kiymbi, kilichojengwa na Wabeljiji kwa ajili ya Kalemie. Shambulio lilishindwa na Wacuba wanne wakafa.

Serikali kwa upande wake ilikuwa na ndege za T-28. Zilikuwa zikitokea Kalemie kupiga mabomu na risasi kwenye mwambao, na marubani wengine walikuwa Wacuba waliomkimbia Fidel Castro. Mwishoni mwa Septemba askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka kwa boti na kuiteka Baraka. Kwa wazee wengi waliokuwa watoto wakati ule, sauti ya ndege ilikuwa amri ya kukimbilia msituni.

Bendera iko karibu na mpaka wa Fizi, lakini nyaya zake zilielekea kusini, Kalemie. Hadi leo taa nyingi za Baraka zinatoka kwenye jenereta na sahani za jua.

Helikopta zilizokuja na kuondoka

Baada ya vita vya 1996 na 1998, angani palionekana vyombo vya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada. Mwisho wa Juni 2024 MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini. Mwezi Januari 2025 uwanja wa Goma uliingia katika vita, na tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa Kavumu, ule unaohudumia Bukavu, ukachukuliwa na M23. Familia zilizokimbia zilielewa haraka maana yake: uwanja mmoja ukifungwa, dawa, misaada na safari za wagonjwa za jimbo zima zinakwama.

Hapo ndipo ndege ndogo za umeme zinastahili kuzungumziwa kwa makini, kwa kuwa hazidai njia ya lami ya kilomita mbili. Mifano iko jirani. Tangu Oktoba 2016, huko Muhanga nchini Rwanda, kampuni ya Zipline inatuma damu hospitalini kwa droni za umeme. Droni inarushwa kutoka kituo kimoja chenye betri na mafundi, inadondosha mzigo kwa parashuti, kisha inarudi. Hospitali inahitaji kiwanja kidogo tu na mtu wa kupokea.

Tanzania, mwaka 2018, walijaribu droni kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe. Iliruka kilomita 60 kwa dakika 40 hivi juu ya ziwa Victoria, wakati safari ya gari ilikuwa kilomita 240 na saa sita. Hata Kongo yetu imejaribu: kuanzia 2019, katika jimbo la Equateur, shirika la VillageReach na kampuni ya Swoop Aero walipeleka chanjo kwa droni kutoka Mbandaka hadi vituo vilivyokuwa vikifikiwa kwa mtumbwi.

Kubeba watu ni jambo jingine. Ziwa Tanganyika lina upana wa kilomita 50 kwa wastani. Chombo cha kilomita 30 hakiwezi hata kulivuka, achilia mbali kurudi. Ndege ya umeme Velis Electro, iliyopata kibali Ulaya mwaka 2020, inabeba watu wawili na kukaa angani kwa muda usiofika saa moja. Kwa hiyo chanjo na damu zitatangulia, na abiria watafuata baadaye sana.

Mambo ya kuulizia mapema

Historia hii inawapa wakaaji wa Fizi, na familia zilizohama ambazo siku moja zitarudi, maswali ya kuuliza kabla mtu hajaja na michoro.

La kwanza ni umeme. Kituo cha kuchaji kinachokula umeme wakati wodi ya uzazi iko gizani kitakuwa Bendera ya pili. Mitambo ya jua ikija, ihudumie hospitali na friji ya chanjo pamoja na betri za droni.

La pili ni ardhi. Viwanja vilivyo wazi leo vinaweza kuwa mashamba ya watu waliokimbia. Machifu wa kimila na shirika la raia wanapaswa kujua mwenye shamba ni nani kabla halijapimwa. Tena ziwa lenyewe limepanda mara kadhaa miaka hii na kumeza nyumba za mwambao, hivyo mahali panapoonekana pazuri wakati wa kiangazi pengine si salama.

La tatu ni amani. Watu waliopigwa kutoka angani mwaka 1965, na ambao watoto wao wamesikia droni za vita miaka hii, hawataamini chombo kisichotambulishwa. Redio, makanisa, misikiti na shule ziambiwe saa, rangi na kazi yake kabla hakijaruka.

La nne ni kazi. Betri zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, kuna akiba kubwa ya lithiamu. Wapagazi wa 1916 walibeba masanduku bila kufundishwa kufungua injini. Vijana wa Baraka wanaotengeneza pikipiki na sahani za jua kando ya barabara wanaweza kufundishwa kutunza betri na droni, na mafunzo hayo yaandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.