Mafuta, Hewa na Moto: Kutoka Karatu hadi Ukingo wa Ngorongoro

Kuchoma mafuta ya taa ni kuyaunganisha na oksijeni iliyomo hewani. Hewa ikitosha, hutoka mvuke wa maji na dioksidi ya kaboni. Ikipungua, hutoka masizi na gesi ya sumu. Historia ya taa na mitambo kwa sehemu kubwa ni historia ya kuyapatia mafuta hewa ya kutosha, na majina ya Kiswahili yameihifadhi historia hiyo, japo si bila kumpoteza mchunguzi.

Kibatari hakina kinga wala njia ya kuvutia hewa, ndiyo maana hutia weusi dari na vifua vya wanaolala chini yake. Mnamo mwaka 1780 Mswisi Ami Argand alibuni utambi wa mviringo ulio wazi katikati, ili hewa ipite ndani na nje ya mwali; kisha likaongezwa bomba la kioo. Jina la Kiingereza la bomba hilo ndilo asili ya chemli yetu. Karabai ina kisa kigumu zaidi. Asili yake ni kabaidi, kitu kama jiwe kinachotoa gesi ya asetilini kikikutana na maji. Ilipokuja taa ya pampu, ambayo hugeuza mafuta kuwa mvuke kabla hayajaungua, ilirithi jina la taa isiyo na undugu nayo. Mtunga kamusi akitaja asili pekee atampotosha msomaji. Akitaja matumizi pekee ataizika historia.

Tukiingia katika injini, mahali penyewe panatufundisha. Karatu iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro kiasi cha mita 2,300, ambako oksijeni katika kila pumzi imepungua kwa karibu robo. Injini aliyoikamilisha Rudolf Diesel mwaka 1897 hushindilia hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Hewa ikiwa nyembamba, mafuta yaleyale huwa mengi mno, na gari hupanda mlima likitoa moshi mweusi. Tukisema gari limekosa pumzi, kemia haina la kutusahihisha. Dawa yake ilisajiliwa na Alfred Büchi mwaka 1905: pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kusukuma hewa zaidi ndani.

Je, neno kuungua latosha kwa mambo yote haya? Naona halitoshi. Viwandani hewa hupitishwa ndani ya sikloheksani ya moto, pasipo mwali, kupata malighafi ya nailoni. Kazi hiyo husimamishwa kabla mafuta hayajaungana na oksijeni kwa ukamilifu, hivyo mengi hurudishwa tena na tena katika matangi. Huko Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974, mvuke wake ulivuja ukalipuka, watu 28 wakafa. Yaliyotendeka matangini ni kuoksidisha. Kuungua kulikuja baadaye, kwa msiba. Anayeyafasiri yote mawili kwa neno moja hawezi kumweleza mwanafunzi wa Karatu ajali hiyo ilianzia wapi.