Shali ya Harriet na Kanga za Mara

Mjini Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, imehifadhiwa shali ya kitani na lesi ya hariri. Malkia Victoria wa Uingereza alimpelekea Harriet Tubman yapata mwaka 1897. Mwanamke huyo alizaliwa mtumwa huko Maryland, akatoroka mwaka 1849, kisha akarudi safari zipatazo 13 na kuwatoa utumwani watu wapatao 70.

Mwaka huohuo wa 1897, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Masuria hawakuhesabiwa, walingoja hadi 1909. Wala amri ile haikumbishia mtumwa hodi: ilimpasa aende mwenyewe kuudai uhuru wake mahakamani.

Sheria kutangulia, na mwanamke kuifuata kwa miguu yake, ni jambo lililoko hata leo huko bara, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Ukeketaji una historia yake, mbali na ya utumwa. Lakini safari ya mkimbizi ni ileile. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, msimu wa Desemba ufikapo, wasichana hutoroka makwao kukimbilia nyumba salama za Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti. Ile ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 ikiongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni.

Miongoni mwa Wakurya, msichana aliyekeketwa husindikizwa nyumbani kwa nyimbo, amevikwa kanga mpya, akitunzwa fedha. Azidharauye kanga hizo hajaijua nguvu yake. Anayetoroka hukimbia kisu, lakini huziacha nyuma kanga, nyimbo na jina jema la mama yake.

Shali ya Harriet yatukumbusha kwamba nguo ya heshima imewahi kumwendea aliyekataa. Masanga wamelitambua hilo: wasichana hufanyiwa mahafali, wakaimba mbele ya wazazi na kupewa vyeti. Limebaki la nyumbani. Siku mama atakapomvika kanga mpya binti aliyetoroka, majirani wakitazama, ngariba atakuwa amepoteza kazi yake.