Maji ya Mvua Kisiwani: Na Ndoo Anabeba Nani?

Wasee, wiki jana nililala siku mbili kwenye kambi moja ya kisiwani, kusini huku pande za Shimoni. Jina silitaji. Walinialika nipige video, nami nikaenda mbio, maana bei ya usiku mmoja pale ni zaidi ya kodi tunayolipa nyumbani Mji wa Kale kwa mwezi. Banda la makuti, kitanda cha kamba, taa za jua, choo kisichotumia maji. Bafuni kuna ndoo na kata, na juu yake kibao: maji haya ni ya mvua, tumia kidogo. Mgeni mmoja wa Ulaya akaniambia hajawahi kuona ubunifu kama huu.

Ubunifu gani? Nyanyangu ameoga kwa kata maisha yake yote.

Basi nikarudi Mombasa na posti yangu tayari kichwani: wanatuuzia maisha ya babu zetu kwa dola. Ningepata laiki kibao. Lakini historia nilikuwa naisoma chuo kabla sijaacha, na ugonjwa wake haujaniisha. Nikaanza kufuatilia, na ile posti ikaniharibikia mkononi.

Nusu yake ni kweli, hilo sibishani. Pita Ndia Kuu mchana wa Februari, jua la kaskazi likiwa utosini, uone tofauti ya joto ukiingia kichochoroni. Nyumba zimekaribiana hadi moja inaitilia nyenzake kivuli. Kuta ni nene, mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ni za mikoko, na ndizo zilizoamua upana wa chumba: boriti ya mkoko haifiki mbali, kama mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kizamani ni virefu na vyembamba kama basi. Hakuna aliyechora ramani ya kuokoa dunia. Walijenga kwa kilichokuwepo.

Maji nayo vivyo hivyo. Msikiti wa Mandhry ni wa 1570, na kisima chake kiko pale pale, ng'ambo ya njia. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walijua ngome bila maji ni kaburi, wakatengeneza na birika la kukinga mvua ndani. Ukivuka kwenda Wasini, kisiwa kisicho na maji baridi ya kuchimba, utakuta majabia, yale matangi ya kuhifadhi maji ya mvua. Watu wameishi hivyo karne na karne, na hakuna aliyewapa cheti.

Sasa nusu ya pili, ambayo sisi watoto wa Mji wa Kale hatupendi kuisema.

Ile chokaa nyeupe tunayojipiga nayo picha ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo. Magogo mengi. Mawe laini ya kuchongea yalikatwa baharini yakiwa bado hai. Na nyumba ya mawe haikuwa ya kila mtu, ilikuwa ya mwenye mali. Wengi walilala kwenye nyumba za udongo na makuti. Ndani ya ile nyumba ya mawe, asubuhi kabla bwana hajaamka, kuna mtu alishatoka na mtungi kwenda kisimani, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa. Shimoni penyewe, pale tunapopandia boti kwenda kujivinjari, kuna mapango ambayo watu wa pale wanasema yalitumika kufungia watumwa. Sheria ya kukomesha utumwa pwani yetu ilikuja 1907. Hiyo si zamani sana. Nyanya wa nyanyangu alikuwa hai.

Kwa hiyo ninaposema "babu zetu waliishi vizuri na mazingira", najiuliza babu yupi. Aliyeoga, au aliyebeba?

Baadaye mtumwa akaondoka, akabaki hamali wa kulipwa. Miaka ya 1950 bomba kubwa likaletwa kutoka chemchemi za Mzima kule Tsavo. Leo mfereji wetu ukikauka, na unakauka sana, tunamwita kijana wa mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Ngazi za nyumba za zamani mnazijua zilivyo. Anapanda nayo begani.

Si kwamba jambo hili haliwezi kufanywa vizuri. Chumbe, karibu na Unguja, serikali ya Zanzibar ilitangaza hifadhi ya matumbawe na msitu mwaka 1994. Kuna vibanda 7 tu, na mnara wa taa wa Waingereza wa 1904 bado umesimama. Paa la kibanda lenyewe ndilo linalokinga mvua, maji yanaingia tangini chini ya sakafu. Wavuvi walifunzwa wakawa walinzi wa matumbawe, na pesa za wageni zinasaidia kuwapeleka wanafunzi wa Unguja kuyaona. Na Wasini, bustani ya matumbawe yenye ule ujia wa mbao inaendeshwa na kina mama wa kijiji. Hapo kejeli zangu zinaniishia.

Ila nirudi kwenye kambi yangu. Siku ya pili niliamka saa kumi na moja nipige jua likichomoza. Ufukweni nikakuta boti imetia nanga na vijana wawili wanashusha mitungi, wanatembea majini hadi kiunoni, mtungi begani. Mvua hainyeshi tangu muda, tangi limekauka. Yale maji ya "mvua" ya bafuni kwangu yalitoka bara. Wanamaliza kabla wageni hawajaamka, na wanalipwa kwa mtungi.

Nikapiga klipu ya sekunde 19. Mwenye kambi alipoona, akaniomba kwa upole niitoe, inaharibu picha. Kwenye video niliyompa, haimo, makubaliano ni makubaliano. Lakini nilimuuliza na yule kijana kama niiweke kwangu. Akasema, "Weka tu kaka. Uso usionyeshe. Onyesha bega."

Ipo hapa chini.