Asetometa: Chombo cha Kupima Ukali wa Siki

Asetometa ni chombo cha maabara kilichotumika katika karne ya 19 kujua siki ina asidi kiasi gani. Jina lake limetokana na neno la Kilatini acetum, yaani siki. Leo hakitumiki tena, lakini shida iliyokizaa inaeleweka upesi kwa yeyote aliyeona ulanzi ukichacha.

Ulanzi wa Njombe na Makambako, nchini Tanzania, ni utomvu wa mwanzi. Wakati wa mvua mgema hukata ncha ya chipukizi changa, hutega mbeta, yaani chombo cha kukingia utomvu, kisha hurudi asubuhi na jioni kuchonga upya kidonda utomvu usije ukakauka. Ulanzi mbichi ni mtamu. Ukilala huwa mkangafu, yaani mkali wenye pombe, na ukiachwa wazi zaidi bakteria huigeuza pombe yake kuwa asidi asetiki, ile ile iliyomo ndani ya siki. Bakteria hao wanahitaji hewa, na baridi huwachelewesha; mjini Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi si haba.

Ugumu wa kupima unaanzia hapo. Ndani ya mbeta moja mna sukari iliyobaki, pombe iliyokwisha kupatikana na asidi inayoanza. Sukari hukifanya kimiminika kiwe kizito kuliko maji, pombe hukifanya chepesi, asidi hukiongezea uzito kidogo mno. Haidromita, ule mrija wa kioo unaoelea na kusomwa shingoni, hutoa namba moja tu kwa vyote vitatu. Hata katika maji matupu haisaidii sana: siki ya asilimia 5 imezidi uzito wa maji kwa chini ya sehemu 10 katika 1,000. Tena asidi asetiki ina tabia ya ajabu. Uzito wa mchanganyiko wake na maji huongezeka hadi asidi ifike karibu asilimia 78, kisha hushuka, hivyo asidi kali kabisa na ile iliyochanganywa na maji zaidi ya nusu zinaweza kusomeka sawa. Kwa ulanzi, ulimi wa mnywaji mzoefu ulikuwa kipimo bora kuliko haidromita.

Nchini Uingereza ulimi haukutosha, kwa sababu siki ilitozwa ushuru. Ndugu wawili, John na Philip Taylor, walibuni njia ya kuzunguka shida hiyo, na sheria ya mwaka 1818 ikaikubali. Siki ilitiwa chokaa iliyozimwa mpaka ukali wote uishe. Asidi ikishaungana na chokaa hupatikana chumvi iliyoyeyuka, ambayo huongeza uzito wa kimiminika waziwazi kuliko asidi yenyewe, na hapo ndipo haidromita ilipotumbukizwa. Ilikuwa hila ya werevu mkubwa, ingawa sukari iliyomo iliendelea kupandisha namba. Siki bora ya biashara iliitwa namba 24, na ilikuwa na asidi ya karibu asilimia 6. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1844.

Mkemia Friedrich Julius Otto wa Braunschweig, Ujerumani, aliacha kabisa kupima uzito. Asetometa yake ilikuwa mrija mwembamba wa kioo, umezibwa chini na kuchorwa mistari. Mpimaji alitia rangi ya litmasi hadi mstari wa kwanza na siki hadi wa pili. Rangi ya buluu ikawa nyekundu. Kisha alidondosha maji ya amonia ya nguvu inayojulikana, akiziba mdomo kwa kidole na kutikisa, tone baada ya tone, mpaka buluu irudi. Kimo cha kimiminika kilisomwa moja kwa moja kama asilimia ya asidi. Mtengenezaji wa siki asiyejua hesabu za kemia aliweza kuutumia.

Udhaifu wake ulikuwa katika amonia, ambayo huruka hewani na kupungua nguvu chupani, hivyo siki ikasomeka kali kuliko ilivyo. Mrija pia haukutambua siki iliyoghushiwa kwa asidi ya salfuriki, kwani kwake asidi zote zilikuwa moja. Bureti (mrija wa kioo wenye koki ya kudondoshea kimiminika) na sodiamu haidroksaidi, isiyoruka hewani kama amonia, ndizo zilizouondoa mezani. Wanafunzi wa kemia wa sekondari bado hufanya kazi ile ile ya Otto kwa bureti: asidi chini, besi juu, jicho likisubiri rangi igeuke. Kwa siki hutumika kiashiria cha fenolftaleni, na kila mililita ya sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 kwa lita huonyesha gramu 0.006 za asidi asetiki.