Masasisho ya kompyuta ya biro: tusiyazime, tuyachagulie siku

Katika biro nyingi za makanisa yetu hapa Bukavu, kompyuta ikiisha kununuliwa, fundi huombwa jambo moja kabla ya mengine: azime mise à jour. Sababu inajulikana. Mega ni ghali, na Windows ikiachwa yenyewe inaweza kula kwa usiku mmoja mega zilizonunuliwa kwa juma zima. Hatuwalaumu wanaofanya hivyo. Lakini kuzima kabisa ni dawa inayoleta ugonjwa mwingine, na njia ya katikati ipo.

Masasisho mengi ni viraka vya kuziba matundu yaliyogunduliwa ndani ya programu. Kiraka kikitangazwa, wezi nao wanajua tundu liko wapi. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka kimoja cha namna hiyo. Tarehe 12 Mei virusi vya WannaCry vilipitia tundu lile lile, vikafunga mafaili na kudai pesa. Kule Uingereza peke yake, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya serikali zilivurugika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Mtu atasema biro ya kanisa si hospitali ya Uingereza. Basi tuangalie kilichomo: majina ya waliobatizwa, hesabu za sadaka, orodha za walimu wa shule zetu, pengine ripoti za kituo cha afya zenye siri za wagonjwa. Na hapa kwetu virusi havingoji intaneti. Vinapanda fleshi kwenye kibanda cha kuchapisha makaratasi, vinashukia bironi.

Kwa hiyo, badala ya kuzima, ingia katika Paramètres, upande wa mtandao, chagua wifi unayotumia, kisha washa “Connexion limitée”. Hapo Windows itazuia sehemu kubwa ya masasisho mazito mpaka umpe ruhusa. Kwenye ukurasa wa Windows Update utakuta pia “Heures d'activité”, saa ambazo mashine haitajizima na kujiwasha yenyewe, na kitufe cha kusimamisha masasisho hadi majuma 5. Majuma hayo yakiisha, lazima usasishe kwanza ndipo uweze kusimamisha tena.

Kisha chagueni siku. Viraka vya mwezi hutoka Jumanne ya pili. Sisi tunashauri kungoja kama juma moja, kwa sababu imewahi kutokea kiraka chenyewe kikaleta shida na kurekebishwa baadaye. Siku hiyo peleka kompyuta mahali penye wifi nzuri. Nakili kwanza mafaili ya kazi kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe. Betri iwe imejaa. Ruzizi iko karibu nasi, lakini kila mtu anajua umeme unavyokatika, na kompyuta ya mezani inayozimika katikati ya masasisho inaweza kukataa kuwaka tena. Kama haina kifaa cha kushikilia umeme, afadhali kungoja saa ambayo jenereta inafanya kazi.

Biro yenye kompyuta kadhaa haina haja ya kununua mega mara tano. Kwenye tovuti ya Microsoft iitwayo Update Catalog, fundi anaweza kupakua faili la mwezi mara moja na kulibeba kwa fleshi safi hadi kwenye mashine nyingine za aina hiyo hiyo. Kwa kawaida faili jipya limebeba pia viraka vya miezi iliyopita, kwa hiyo hata makanisa ya mbali yanayofikiwa mara chache yanaweza kuhudumiwa hivyo.

Jambo zito zaidi ni Windows 10. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena viraka vya bure kama zamani. Microsoft iliweka mpango wa kuongeza muda kwa kompyuta za watu binafsi hadi Oktoba 2026. Taasisi zinalipa, na bei inapanda kila mwaka. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambayo mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Nyingi za mitumba tulizo nazo ziko katika kundi hilo.

Hatuoni sababu ya kuzitupa. Mashine ya kuandikia barua na kutunza hesabu inaweza kuwekewa Ubuntu, ambayo ni ya bure. Toleo la 24.04 linapewa viraka hadi 2029, na LibreOffice inafungua mafaili mengi ya Word na Excel. Katibu atahitaji siku kadhaa za kuzoea. Mashine itakayobaki na Windows 10 bila viraka itolewe kwenye intaneti, na isiwe ndiyo inayotunza majina ya wagonjwa wala mishahara ya walimu.